Mstari Uliopogolewa Mara Mbili

Mkishika mkasi wa kupogoa kwa mara ya kwanza mtakimbilia kukata. Wote huwa hivyo. Mkasi ni mkali, mkono unawasha, na mzabibu umejaa matawi kila upande kama kichwa kisichojua kitana. Ndiyo maana Nehemia, aliyenifundisha kazi hii, alininyang'anya mkasi siku yangu ya kwanza kule Makutupora, Dodoma, akaniambia nifunge mikono nyuma nitembee mstari mzima nikitazama tu. "Kwanza usome," alisema. "Kukata hata mbuzi anakata."

Nawaandikia nyinyi mnaokuja kila msimu wa kupogoa, ndala miguuni na simu zinaimba mfukoni, mnaoniamkia shikamoo mzee kisha mnaguna nikishapita. Wengi mnanijua kama yule Mrangi wa Kondoa anayefoka. Ni kweli, nafoka. Sasa magoti yamegoma, shambani siji tena, basi nitafoka kwa kalamu. Nitafoka kuhusu pombe. Sidhani kama itasaidia, niwaambie mapema. Nimesema na watu walionizidi akili, wakanikubalia kwa kichwa, na jioni nikawakuta palepale. Lakini Nehemia hawezi tena kuwasimulia mwenyewe, na mimi nikinyamaza hakuna atakayejua yule alikuwa nani.

Kwanza mnicheke, mmalize. Mwislamu, jina lake Salimu, maisha yake yote kapogoa zabibu za mvinyo. Nehemia alianza kuniita Shehe hata wiki haijaisha, na jina likanikaa. Mama yangu kule Kondoa aliwaambia majirani kwamba mwanawe yuko Dodoma kwenye zabibu kavu, zile za pilau. Kila nikienda nyumbani ilinibidi nipitie sokoni ninunue pakiti za zabibu kavu nimpelekee agawe, siri isitoke. Zilikuwa zimetoka nje ya nchi, pakiti zimeandikwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Mama anagawa huku anasema, "Hizi kakausha Salimu kwa mikono yake."

Sikunywa, lakini msinidhanie mwema. Nililelewa hivyo na mazoea yakanibeba. Faida yake ilikuwa moja tu: kila tulipomaliza kazi, mimi ndiye niliyekumbuka kilichotokea. Si faida ya kuionea wivu.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana bila kuielewa hamtaelewa kilichopotea. Kupogoa ni kuamua. Kila tawi lina macho, vile vichipukizi vidogo vilivyolala kwenye maungio, na ndani ya macho hayo ndimo zilimo zabibu za msimu ujao. Ukiacha macho mengi mno, mzabibu unachoka na kuzaa vishada vilivyokonda. Ukikata yote, utavuna majani. Lazima ukumbuke tawi lipi lilizaa msimu uliopita, uone lipi limekomaa, uache moja la kuzaa na jingine fupi la akiba. Ukate mshazari, juu kidogo ya jicho, na mteremko uelekee upande wa pili, kwa sababu mzabibu ukikatwa hulia. Maji hudondoka kwenye jeraha, na yakipita juu ya jicho yanaweza kuliharibu. Kwa hiyo kila mkato unataka macho yako, mkono wako, kumbukumbu yako na subira yako, vyote kwa pamoja.

Nehemia alikuwa navyo vyote. Alikuwa Mgogo mrefu, mwembamba, mwenye masihara mengi, na akifika kwenye mzabibu alinyamaza ghafla. Alikuwa anaweza kukwambia mzabibu huu uliugua ukungu misimu miwili iliyopita, ule pale ulivunjwa na ng'ombe. Sisi wengine tulikuwa wakataji. Yeye alikuwa fundi, na nilimpenda kuliko kaka zangu.

Mashamba yetu wenyewe, yale madogo ya kila mtu, tulipogoleana kwa zamu. Leo kwangu, kesho kutwa kwako. Mwenye shamba hakulipa kitu. Mkewe alipika ujimbi, ile pombe ya mtama, na ilinywewa nyumbani baada ya kazi, mikasi ikiwa imeshafutwa na kutundikwa. Wazee wa zamani walikuwa wakali kwa hilo. Ukionekana umeonja kabla, unaambiwa kwa upole uende ukaokote matawi yaliyokatwa, kazi ya watoto, na aibu yake inakufuata mpaka kanisani.

Sijui nani alianza kuihamisha ndoo ya ujimbi. Msimu mmoja ililetwa shambani, ikawekwa kivulini, kwamba watu wana kiu. Msimu uliofuata ikasogea mwishoni mwa mstari: ukimaliza mstari wako unachota kata moja, unageuka, unaanza mwingine. Ilionekana ni akili kubwa. Watu walikuwa wanafanya kazi mbio, wanaimba, wanashindana kufika kwenye ndoo. Siku ya shamba la Nehemia tulimaliza jua likiwa bado juu kabisa. Yeye mwenyewe alipiga kata ya mwisho akanikonyeza. "Umeona, Shehe? Hii ni petroli."

Macho ya mizabibu yalipofunguka wiki kadhaa baadaye, tukaingia shambani mimi na yeye. Vijana wangu, ulevi wote wa siku ile ulikuwa umeandikwa pale, mstari kwa mstari. Mistari ya kwanza ilikuwa safi, mikato imelala inavyotakiwa. Inayofuata, visiki vimeachwa virefu, mtu kakata mbali na jicho kwa haraka. Mbele kidogo mikato imeelekea upande mbaya. Kisha wameacha tawi la zamani lililokwisha kazi na kukata jipya lenye zabibu. Na mistari ya mwisho ilikuwa imenyolewa. Majani ya kijani yamejaa, mazuri kwelikweli, na kishada hata kimoja hakuna.

Na hili ndilo mnalotakiwa kulielewa, maana kila siku niliwasikia mkisema, "Mzee, mimi nakunywa lakini najimudu." Siku ile hakuna aliyeyumba. Hakuna aliyeanguka wala aliyetapika. Kila mmoja angeapa kwamba alipogoa vizuri, na wengi waliapa kweli. Mnadhani pombe inaanzia miguuni kwa kuwa miguuni ndiko mnakoiona. Inaanzia kichwani, kwenye ile sehemu inayokwambia ngoja kwanza, tazama tena. Sehemu hiyo ikishalala, huna cha kukwambia kwamba imelala. Unajiona hodari tu.

Nilimtazama Nehemia nione atasema nini. Huyu ndiye mtu aliyesoma mizabibu kuliko wote. Alitembea mpaka mwisho, akashika tawi moja, akaliachia. "Mvua zimetuharibia," alisema. Siku ile ndipo nilipoogopa.

Baada ya hapo mambo hayakuja kwa kishindo. Yalikuja polepole kiasi kwamba kila hatua ilikuwa na maelezo yake. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka asubuhi. Anakuja shambani, anashika mkasi, ncha inacheza juu ya jicho kama nzi. Anarudi nyumbani kidogo, anakuja tena, mkono umetulia. Wenzetu wakawa wanasema pombe inamtuliza, kwa hiyo ni dawa yake, kila mwili na dawa yake. Hata mkewe, Mama Ester, mwanamke mwenye busara, alikuwa anamwekea kikombe asubuhi ili akafanye kazi. Alifanya kwa upendo. Hatukujua kwamba kinachotuliza ndicho kinachotetemesha, kwamba ubongo wake ulikuwa umeshazoea kusukumana na pombe usiku na mchana, na asubuhi pombe ikipungua ubongo unasukuma hewa. Hayo nilikuja kuelezwa na daktari, muda ukiwa umekwisha.

Kisha akaacha kula. Alikuwa anasema ujimbi ni mtama, na mtama ni chakula, kwa hiyo keshakula. Tulicheka. Alikuwa mchekeshaji, na mlevi mchekeshaji ana balaa lake, kwa sababu watu wanamzunguka wacheke badala ya kumsaidia. Uso ukavimba, mikono ikawa kama matawi ya kiangazi. Baadaye ujimbi haukumtosha, akahamia pombe kali za chupa ndogo, hizo mnazoficha kwenye soksi mkidhani sizioni. Usingizi wake ukawa wa kuvunjikavunjika. Na kwa kuwa nyinyi ni wanaume na najua mnachokiogopa zaidi ya kifo, niwaambie na hilo: huko nako kukafa. Aliniambia mwenyewe, kwa mzaha, macho yakiwa hayacheki.

Siku moja tulikuwa tunachoma matawi makavu. Nikasikia harufu, nikadhani kuna ngozi imetupwa motoni. Nehemia alikuwa amesimama kando ya moto, ndala yake ya kushoto imekanyaga kaa, raba inayeyuka, na yeye ananisimulia habari za ng'ombe wa shemeji yake. Nilimvuta. Alishangaa nimemvutia nini. Tulipoivua ndala, unyayo ulikuwa umeungua vibaya, na hakuwa anasikia kitu. Mishipa ya fahamu ya miguu ilikuwa imekufa kwa kunywa. Mtu anaweza kuwa anaungua huku anaongea habari za ng'ombe, na anaongea vizuri kabisa.

Mama Ester alifariki mwaka huo. Shinikizo la damu, walisema. Alianguka uani akiwa anapepeta mtama, hakuamka. Nehemia alikuwepo kaburini. Nilimshika kiwiko, akainama, akatupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Tangulia, Mama Ester." Nayasema haya kwa sababu nilikuwepo na niliona. Baada ya mazishi alikunywa kama mtu anayezima moto.

Msimu uliofuata nilikuwa msimamizi wa wapogoaji kwenye shamba kubwa, na nilimchukua ili nimweke karibu. Nilimpa mstari mmoja tu, asubuhi, akiwa na kile kikombe chake kimeshamtuliza. Jamani, aliupogoa! Taratibu, lakini kwa mkono wa zamani. Nilisimama nyuma yake nikaona matawi yamebaki yale yanayotakiwa, mikato imelala, nikafurahi mpaka nikaona haya. Nilijiambia fundi wangu karudi. Nikaenda upande wa pili wa shamba kuwafokea wengine.

Niliporudi baada ya chakula cha mchana, nilimkuta kwenye mstari uleule. Alikuwa ameanza tena mwanzo na amefika katikati. Kwa uangalifu, bila haraka, akitazama kila mzabibu kabla ya kukata, alikuwa anaondoa matawi aliyoyachagua mwenyewe asubuhi. Nyuma yake vimebaki visiki. Maji ya mizabibu yalikuwa yanadondoka chini, udongo umelowa.

"Nehemia," nikamwambia, "mstari huu umeshaupogoa."

"Nani kaupogoa?"

"Wewe. Asubuhi."

Alitazama visiki, akanitazama mimi, akasikitika kwa ajili yangu. "Shehe, mimi ndiyo kwanza nafika. Kuna mtu kapita hapa kabla yangu. Hajui kazi huyu. Mfukuze."

Hakuwa anatania. Asubuhi nzima ile haikuwemo ndani yake. Nilimnyang'anya mkasi, yeye aliyeninyang'anya wangu siku ile ya kwanza, na hakubisha. Alinifuata nyuma mpaka kivulini kama mgeni anayeonyeshwa njia.

Ester, binti yake, ni fundi cherehani. Alifunga kazi zake mjini akarudi kumtunza baba. Yeye na ndugu wa ukoo wakakaa kikao. Wakaamua kuikata pombe mara moja. Chupa zote zikamwagwa, Nehemia akaingizwa chumbani, mlango ukafungwa kwa nje, watu wakapokezana kuomba mlangoni. Nilikuwepo kwenye kikao kile. Mimi niliona ni sawa. Kila mtu aliona ni sawa, kwani kitu kibaya kinaachwaje kama si kwa kukiacha?

Siku mbili za kwanza alitoka jasho, alitukana, alilia. Baada ya hapo akaanza kuokota siafu ukutani ambao hawakuwepo. Anawatoa kwenye shati, anawatoa mdomoni, anatuita tumsaidie. Watu wakasema mapepo yanatoka, wakazidisha maombi. Kisha akakakamaa, akaanguka, mwili mzima ukarukaruka, povu likatoka na damu ya ulimi. Alipotulia alikakamaa tena. Ndipo tulipombeba kwenye pikipiki ya jirani, mimi nimekaa nyuma nimemshikilia kifuani kama mzigo wa nyanya, mpaka hospitali.

Daktari alikuwa kijana, wa umri wenu. Hakutugombeza, na ingekuwa afadhali angetugombeza. Alisema mtu aliyekunywa kwa kiasi kile na kwa muda ule hasimamishwi ghafla nyumbani. Analetwa hospitali, anapewa dawa za kumshusha taratibu, maana ubongo ulioachwa ghafla unaweza kumuua. Akasema tena kwamba miaka yote ile ya kunywa bila kula imemmaliza vitamini, na kuna moja ambayo ubongo ukiikosa, sehemu ya kuweka kumbukumbu inakauka. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano za vitamini hiyo. Ester akauliza kama kumbukumbu itarudi. Daktari alisema, "Mama, tutajitahidi kuokoa iliyobaki." Kumbukeni maneno haya mkiwa na mwenzenu wa namna hiyo. Msimfungie. Mpelekeni hospitali mapema, na mapema maana yake ni kabla hamjaona haya kumpeleka.

Alitoka akiwa hai. Hajaonja tena tangu hapo. Hapa ndipo ningependa kuwapa habari njema, na watu wa kijiji wanaitoa kila Jumapili: Nehemia kaacha, Nehemia kapona, Mungu mkubwa. Mkimwona mtaamini. Kanenepa, ngozi inang'aa, mkono hautetemeki hata kidogo. Anatembea kwa fimbo kwa sababu ya miguu, anasalimia, anatania. Mwulizeni habari za mizabibu ya zamani, atawaeleza mpaka mchoke. Lakini mwulizeni amekula nini asubuhi. Atawajibu upesi, kwa uhakika, na itakuwa uongo ambao yeye mwenyewe haujui. Kichwa chake kikikuta pengo kinaliziba kwa chochote kilicho karibu.

Mwezi huu nilikwenda kumsalimia. Alikuwa kwenye benchi nje ya nyumba, Ester yuko ndani na cherehani yake.

"Mbukwenyi, Shehe!" akaniamkia kwa Kigogo toka mbali, meno yote nje. "Umechelewa. Tumeshapogoa upande wa bondeni, kesho tunamalizia." Upande wa bondeni ulishang'olewa, siku hizi kuna nyumba. Nikamwambia vema, kesho tutamalizia. Nikakaa.

Tuliongea kidogo. Kisha akatazama huku na huku, kwa namna ya mtu aliyekumbuka kitu.

"Mama Ester yuko wapi?"

Cherehani ikanyamaza ndani. Ester akatokea mlangoni, kitambaa mkononi, akanitazama. Alikuwa ameshanieleza siku za nyuma. Mwanzoni alikuwa anamwambia ukweli, kwa kuwa alilelewa kusema ukweli. Baba analia kilio cha siku ya msiba, kipya kabisa, anajipiga kichwa, anauliza kwa nini hakuitwa kwenye mazishi. Ester anamkimbilia maji ya kunawa uso. Akirudi na maji, baba ametulia, anatabasamu, anauliza, "Mama yako yuko wapi?" Alimfisha mama yake mara nyingi hivyo, mpaka akashindwa.

Mimi nilikuwepo kaburini. Kiwiko chake kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kumweleza udongo ulikuwa na rangi gani.

"Ameenda mashineni kusaga," nikamwambia.

"Na jua hili!" akasema. "Basi tumngoje." Akajisogeza kwenye benchi, akanisukuma na mimi kidogo kwa kiwiko, ili akija apate pa kukaa.